Nani Aliyemwita Mwana Wako?

Neno la mwezi huu: Mithali 1:10–23



Kabla ya kusoma haya niliyoyaandika, namwomba kila mmoja wenu aifungue Biblia yake, aisome mistari ile iliyotajwa hapo juu, tena polepole. Humo baba anena na mwanawe. Hamwambii kwamba duniani hapana waovu, wala hamfungii ndani ya nyumba. Amwambia kwamba watakuja watu nao watamwita, na maneno yao yatakuwa mazuri masikioni. Watamwahidi mali. Watasema kwamba nyumba zitajaa vitu vya thamani, na mfuko utakuwa mmoja, kila mtu apate fungu lake. Angalieni hekima ya baba huyu: ayajua maneno ya wanyang'anyi kana kwamba aliyasikia kwa masikio yake, naye amtangulizia mwanawe kabla wao hawajafika. Je, sisi twayajua maneno wanayoambiwa wana wetu njiani?

Kisha, tangu mstari wa ishirini, yasikika sauti ya pili. Hekima nayo yaita. Wala haiti kutoka ndani ya nyumba iliyofungwa, bali barabarani, viwanjani, na penye malango ya mji, mahali penye kelele na watu wengi. Basi kijana yule wa Mithali amesimama kati ya sauti mbili. Hili ndilo neno langu la mwezi huu, wala sina jingine: kijana humfuata yule amwitaye. Asipoitwa na wema, ataitwa na wengine.

Nitawasimulia habari ya kijana mmoja wa usharika ninaoutumikia katika milima hii ya Upare. Jina lake sitalitaja, wala kijiji chake, maana aibu haimponyi mtu. Yale aliyoniungamia peke yangu yamekaa kwangu; haya ninayoyaandika ni yale aliyoyasema tena kwa hiari yake mbele ya mama yake na mjomba wake, nao wakaniruhusu niyaandike, ili wengine wafunzwe.

Kijana huyu alibatizwa akiwa mchanga, akapata kipaimara akiwa na miaka 14. Siku ile alisimama mbele ya madhabahu amevaa shati jeupe la kuazima, akazijibu Amri Kumi na maana zake bila kukosa hata moja. Nalimwekea mikono kichwani, nikamwombea, nikaandika jina lake katika kitabu cha usharika. Tangu siku ile, kwa muda wa miaka miwili, sikunena naye tena, ila kumpa mkono mlangoni baada ya ibada. Lishikeni neno hili, maana nitalirudia.

Baba yake alikuwa ameshuka tambarare kutafuta kazi, asirudi wala asilete habari. Mama yake alilima kipande cha tangawizi na maharagwe, akauza sokoni. Shule za serikali hazidai ada kwa kidato cha kwanza hata cha nne tangu mwaka 2016, lakini sare na madaftari na viatu havina budi kununuliwa. Mara nyingi mtoto alikwenda shuleni bila kula. Alipofika kidato cha tatu akaanza kusinzia darasani. Aliadhibiwa kwa kusinzia. Hapana aliyemwuliza sababu ya kusinzia.

Ninyi mkaao milimani mwajua usingizi ule ulitoka wapi. Lakini gazeti hili husomwa pia na walio mbali, basi yanipasa kueleza. Katika baadhi ya mabonde ya wilaya ya Same hulimwa mirungi, ambayo wengine huiita gomba, nayo hutafunwa majani na vijiti vyake vichanga. Nchini Kenya na Ethiopia huuzwa hadharani. Kwetu Tanzania ni marufuku, na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 huihesabu pamoja na dawa hizo. Mwenye kuisafirisha hufungwa miaka mingi, na kwa mzigo mkubwa aweza kufungwa maisha. Watumishi wa Mamlaka iliyoundwa kwa sheria ile wamepanda milima yetu, mwaka 2023 na baadaye tena, wakang'oa miche na kuteketeza mashamba.

Tusiwe wepesi wa kuwahukumu walimao. Babu zetu waliitegemea kahawa, wakajengea nyumba na kusomeshea watoto. Mwaka 1989 yalipovunjika mapatano ya nchi ziuzazo na nchi zinunuazo kahawa, bei yake ilianguka, na wazee wengi waliikatia tamaa. Kahawa humngojesha mtu msimu mzima. Mirungi huchumwa mara nyingi kwa mwaka, na fedha huonekana siku ile ile. Mtu mwenye njaa huziona fedha za leo kuwa kubwa kuliko sheria ya kesho. Nasema haya si kwa kumpa mtu udhuru, bali ili tujue mlango ambao Shetani aliingilia.

Lakini kuna jambo moja zaidi, nalo lawahusu wana wetu hasa. Nguvu ya mirungi ni kitu kiitwacho kathinoni, nacho huanza kupotea mara jani linyaukapo. Zikipita siku mbili au tatu, jani halina thamani. Kwa hiyo mzigo hauwezi kungoja. Hufungwa ukiwa mbichi, hushushwa usiku, na hauna budi kufika upesi. Basi, nani atashuka na pikipiki gizani katika njia zetu za mawe na makorongo, taa imezimwa asionekane? Mwenye shamba hataki. Mwenye fedha hataki. Mtu mwenye mke na watoto husita. Ndipo hutafutwa mvulana, mwepesi wa mwili, asiyejua bado thamani ya uhai wake, ambaye akikamatwa hatakuwa na jina la mkubwa yeyote la kulitaja. Wazazi wenzangu, wana wetu hawaitwi kwa kuwa wanapendwa. Huitwa kwa kuwa jani hunyauka upesi.

Aliitwaje kijana huyu? Hakuambiwa, Njoo tufanye uovu. Jioni moja kijana aliyemzidi miaka michache alikuwa na pikipiki iliyozimika kilimani. Akamwita kwa jina lake, akamwambia, "Mdogo wangu, nisaidie kusukuma." Walipofika juu akampa shilingi elfu mbili na chapati moja. Juma lililofuata akamwomba akae penye kona na simu, amwarifu akiona gari geni. Hakubeba kitu. Akasema moyoni mwake, kukaa njiani si dhambi. Akapewa elfu tano. Mwezi wa tatu akabebeshwa furushi dogo mgongoni. Mwezi wa sita akafundishwa kuendesha. Mwaka ulipotimia alikuwa akishuka mwenyewe mara mbili kwa juma, na kila safari ilimpatia elfu thelathini.

Nalimwuliza kilichomvuta, kama ni fedha. Alinyamaza kitambo, kisha akajibu, "Fedha zilikuja baadaye, Baba Mchungaji. Mwanzoni alikuwa ananiuliza kama nimekula."

Sasa yawapasa kusikia kosa langu mwenyewe, maana si haki niandike ya mtoto na kuyaficha ya mchungaji. Katika Sikukuu ya Mavuno tulifanya mnada baada ya ibada, kama ilivyo desturi yetu. Akaletwa jogoo. Bei ilianza elfu kumi na tano, wazee wakashindana hata ikafika elfu thelathini. Ndipo mvulana huyu aliyesimama nyuma akainua mkono, akasema, "Elfu sitini." Watu wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Nami nalisimama mbele yao wote nikasema, "Tazameni, vijana wetu wampenda Bwana."

Wazee wa kanisa walikuwapo. Mwinjilisti alikuwapo. Mama yake alikuwapo, naye aliinamisha kichwa. Hapana hata mmoja aliyeuliza mvulana wa miaka 16, mwana wa mama auzaye maharagwe, amezipata wapi elfu sitini za kununulia jogoo. Nyumba ya mama yake ilikuwa na mabati mapya tangu Pasaka, nasi sote tulipita pale tukayaona. Nikisema hatukujua, nasema uongo. Tulijua, lakini tulichelea kuuliza, kwa sababu jibu lingaliipunguza sadaka. Someni Mathayo 27, habari ya fedha ambazo Yuda alizitupa hekaluni. Hata wakuu wa makuhani, ambao mikono yao haikuwa safi, walizitazama fedha zile wakasema hazifai kutiwa katika sanduku la sadaka, kwa jinsi zilivyopatikana. Sisi hatukufika hata hapo.

Ikawa usiku mmoja wa mvua za vuli vijana wawili walishuka pamoja, kila mmoja na pikipiki yake, bila taa. Yule mwenzake alikuwa rafiki yake tangu darasa la kwanza. Hata katika mafundisho ya kipaimara walikaa benchi moja. Walipofika penye kona kali, mwenzake aliteleza akatumbukia korongoni. Kijana akasimama. Akaisikia sauti ya rafiki yake kutoka chini gizani, ikimwita kwa jina. Akampigia simu yule aliyemwita mdogo wangu, akamweleza. Akajibiwa, "Shusha mzigo kwanza. Utarudi."

Akasimama kidogo. Kisha akashuka.

Mzigo ulifika kwa saa yake. Lakini mvua ilizidi, njia ikakatika, asiweze kupanda tena usiku ule. Asubuhi wanawake waliokwenda kuchota maji walimkuta mwenzake akiwa hai, amelowa, mguu umevunjika mahali pawili. Walimbeba kwa machela hata barabarani, akapelekwa hospitali, na mguu ule ukakatwa.

Usiku wa tatu nalisikia mtu akibisha mlangoni kwangu. Nalimkaribisha akae, asikae. Neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Baba Mchungaji, nilijibu Amri ya Tano. Naikumbuka mpaka leo."

Ninyi mliofundishwa mwajua kwa nini alisema hivyo. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Martin Luther alitufundisha kwamba amri ile haimkatazi mtu kuua tu, bali yamwagiza amsaidie jirani yake katika kila shida ya mwili. Mvulana huyu aliyajua maneno. Nalimfundisha mimi mwenyewe, akayashika. Kwa miaka miwili yalikaa ndani yake kama mbegu katika ghala, pasipo mtu wa kumwambia yapandwe wapi. Ndugu zangu, tusijidanganye kwamba mtoto aliyefaulu katekisimo amekwisha kuwa salama. Maneno ya Mungu hayana kosa. Kosa ni la mchungaji apandaye siku moja asirudi kulitazama shamba.

Katika habari hii nataka tujifunze mambo matatu.

Kwanza, nanena nanyi vijana. Dhambi kubwa haiji na jina lake. Ninyi mwajua ndiva, yale mabwawa waliyoyajenga babu zetu ili kukusanya maji ya usiku na kuyafungulia mashambani asubuhi. Mwenye zamu ajua kwamba ukuta wa ndiva hauvunjwi kwanza na gharika. Huanza na tundu la panya, na maji membamba kama uzi. Akiliziba siku ile, kazi yake ni ya mkono mmoja. Akilala, kesho kijiji kizima huitwa kwa msaragambo, na mashamba ya chini yamekwisha kuharibika. Kusukuma pikipiki si dhambi. Lakini mtu akikupa fedha nyingi kwa kazi ndogo, jiulize ananunua nini. Hakuna mtu alipaye elfu tano kwa kukaa penye kona. Alipa ili kesho usiweze kukataa. Tena sikilizeni neno hili: siku mtakapoanguka, yule awaitaye mdogo wangu atauulizia mzigo kwanza. Kama kuna yeyote kati yenu amekwisha kuingia, asingoje mpaka mwenzake aitwe na korongo. Na arudi leo, angali na miguu miwili.

Pili, nanena nanyi wazazi, wazee wa kanisa, walimu wa injili, na nafsi yangu. Karibu na Mbaga yako mapango ya Mghimbi. Wazee husimulia kwamba miaka ya 1860, watekaji wa watumwa walipopanda kutoka njia ya misafara kule chini, watu wetu walijificha humo na watoto wao. Hawakuwa na bunduki, lakini walijua wakati gani adui apanda, na hapana aliyeketi nyumbani kwake akisema mtoto wa jirani si wake. Tena kuna mwamba wa Malameni. Huko, kabla Injili haijashika mizizi, watoto walioonekana kuwa na mkosi walitupwa wafe, ili ukoo usipatwe na balaa. Twausikia mwamba ule tukatikisa kichwa, tukamshukuru Mungu aliyetutoa katika giza lile. Nasi tufanye shukrani. Lakini tujiulize: wale walimtoa mtoto kwa hofu. Sisi tulimwacha mtoto kwa ajili ya mabati na jogoo. Je, ni nani atakayekuwa na udhuru mkubwa zaidi siku ya hukumu?

Zamani mvulana wa Kipare alipobalehe alipelekwa mshitu, akafundishwa msituni na wazee jinsi ya kuwa mtu mzima. Yako mambo ya mshitu ambayo Wakristo waliyaacha, na haki yao kuyaacha. Lakini jambo moja halikuwa baya, nalo ni kwamba hapana mvulana aliyeachwa avuke peke yake. Kanisa lilileta kipaimara mahali pake. Je, kipaimara chetu ni mlango wa kuingilia, au ni mlango wa kutokea? Wahesabuni waliopata kipaimara miaka mitatu iliyopita katika mtaa wako, kisha uwatafute Jumapili hii. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu hauchoki kufundisha, tena hufundisha usiku.

Kuhani Eli aliyajua maovu ya wanawe, akawakemea kwa maneno, asiwazuie. Hakuwa mtu mwovu. Alikuwa mtu wa Mungu aliyechoka, naye alipenda amani nyumbani. Ndivyo tulivyo wengi wetu.

Tatu, nanena juu ya Yule aitaye. Kama habari yetu ingalikwisha kwa sheria peke yake, ningaliivunja kalamu yangu, maana sheria imetukamata sote, kijana na mchungaji wake. Lakini someni waraka ule mfupi wa Paulo kwa Filemoni. Onesimo alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake, na yamkini aliondoka na kitu kisicho chake. Paulo hakumficha. Alimrudisha kwa yule aliyemkosea. Lakini hakumrudisha mikono mitupu. Alimpa waraka wa kumwombea, na deni lake akaliandika juu ya nafsi yake. Hiyo ndiyo picha ya Bwana wetu Yesu Kristo. Hasemi kwamba deni halipo. Alichukua kalamu akaandika jina lake mahali pa jina letu, nayo kalamu ile ilikuwa misumari.

Usiku ule nalimtangazia kijana ondoleo la dhambi katika jina la Kristo, maana alitubu kwa machozi. Kisha nalimwambia kwamba ondoleo si pango la kujificha usimwone uliyemwumiza. Akaniuliza swali moja tu: "Utakwenda nami?"

Nalikwenda naye, pamoja na mama yake na mjomba wake. Tulianza kwa nyumba ya rafiki yake aliyekatwa mguu. Mama wa nyumba alitupa viti, asinene. Rafiki yake aligeuza uso ukutani. Kijana akapiga magoti, akasema yote, hata neno lile la simu. Hakujibiwa kitu, wala mimi sitaandika kwamba alisamehewa siku ile. Kesho yake tulishuka mpaka Same, akajieleza polisi, penye Dawati la Jinsia na Watoto. Shauri lake sasa liko mbele ya Mahakama ya Watoto, nami sitaandika zaidi, maana si ruhusa. Lakini yafaa wazazi wajue jambo hili, kwa kuwa wengi huwaficha watoto wao kwa kutojua: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Shauri lake husikilizwa faraghani, Afisa Ustawi wa Jamii akiwapo, na mtoto hahukumiwi kifungo cha gerezani. Akitimiza miaka 18 na bado yumo katika kazi ile, mlango huo umefungwa. Kwa hiyo, mzazi anayemficha mwanawe leo hamwokoi. Ampeleka taratibu kwenye gereza la watu wazima.

Kila Jumamosi kijana huyu humchotea maji mama wa rafiki yake. Majuma matatu ya kwanza ndoo ilikaa nje mlangoni hata jua likazama. Juma la nne mama yule alitoka akaiingiza ndani. Hakusema neno. Nami namshukuru Mungu kwa ndoo ile.

Yule aliyemwita mdogo wangu hakufika hospitalini, wala nyumbani, na simu yake haipatikani. Lakini naambiwa kwamba pikipiki ile imepata mpandaji mwingine. Hii ndiyo sababu sikungoja mpaka mwaka uishe niandike. Wakati mnaposoma, mtoto mwingine amekwisha kuulizwa kama amekula.

Basi tufanye nini? Baraza letu la wazee limekubaliana mambo manne, nami nawapa ninyi pia, mpime. La kwanza: zile elfu sitini za jogoo zimetolewa sandukuni, zikaongezwa kwa michango, zikapelekwa kwa matibabu ya yule aliyeumia. Wako waliosema kwamba fedha ikiisha kutolewa ni ya Bwana. Tukajibu kwamba Bwana mwenyewe angaliipeleka huko. La pili: kila mzee wa kanisa amepewa majina ya vijana watatu waliopata kipaimara. Kazi yake si kuwahubiria, bali kuwatembelea kila mwezi, kukaa nao, na kuwauliza habari zao, hata kama wamekula. La tatu: katika mnada na katika sadaka, mtoto akitoa kuliko uwezo wa nyumba yake, mchungaji atamwuliza kwa upole, faraghani, siku ile ile. La nne: hatutamwambia mkulima ang'oe mirungi kisha tumwache na shamba tupu. Mama wengi wa Mamba na kwingineko wameonyesha kwamba tangawizi hulipa, na miche ya kahawa hupatikana. Aliye tayari kung'oa atapata msaragambo wa usharika wa kumsaidia kupanda, na mbegu za kuanzia kwa kadiri tutakavyoweza. Hatuwezi yote. Haya twaweza.

Na wewe, mama au baba usomaye haya, ukiisha kulikunja gazeti, usiende kwanza kwa jirani kuuliza kijana yule ni nani. Mwite mwanao. Mwite kwa jina ulilompa siku ya ubatizo. Muulize amekwenda wapi jana, na amerudi saa ngapi, na nani anayempigia simu. Kisha usikilize mpaka amalize, hata kama jibu litauondoa usingizi wako. Ni heri usingizi wako uondoke leo kuliko mguu wake kesho.

Tuombe.

Bwana Yesu Kristo, Mchungaji Mwema, wewe wawajua wana wetu kwa majina. Utusamehe sisi tulioyaandika majina yao kitabuni tukayasahau. Uwalinde walio njiani usiku huu katika milima hii. Uwafadhaishe waitao watoto kwenye mauti, uwape nao toba, maana hata wao waliitwa na mtu. Uwaponye walioumia, uwatie nguvu akina mama waliobaki peke yao. Nasi utupe masikio ya kusikia sauti iliayo korongoni, na miguu isimamayo, isiendelee na mzigo. Kwa ajili ya jina lako. Amina.